Kupima mionzi ya gama angani kwa kifaa cha kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, walimu wa fizikia na mafundi wa elektroniki hurudia kuuliza wanapotaka kupeleka kipima mionzi juu, iwe kwa puto au kwa miguu mlimani. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Kupima karibu na Ikweta kuna mambo yake, na miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani mara nyingi haiyagusi.

## Mambo ya msingi

Mradi huu unapima nini hasa?

Unahesabu chembe na miale inayopita kwenye kihisi kidogo wakati kinapanda, na kuandika kila hesabu pamoja na mwinuko wa pale ilipopatikana. Mwisho wa kazi unabaki na mchoro mmoja: mwinuko upande mmoja, mipigo kwa dakika upande wa pili. Mpigo ni alama ya umeme ambayo kihisi hutoa kila kinapoguswa na chembe au mwale.

Ukiwa ardhini, zaidi ya nusu ya mipigo hutoka kwenye udongo, mawe na kuta za nyumba: potasiamu-40, pamoja na vizazi vya urani na thoriamu. Inayobaki hutoka juu. Miale ya kosmiki, ambayo kwa sehemu kubwa ni protoni zinazosafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, hugonga hewa na kuzaa mvua ya chembe nyingine: myuoni (ndugu mzito wa elektroni), elektroni, positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), nyutroni na gama (miale ya jamii ya mwanga, yenye nguvu kubwa na isiyo na chaji). Usawa wa bahari hupata takriban myuoni moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika. Kadiri unavyopanda ndivyo mchango wa ardhi unavyofifia na wa juu unavyotawala.

Mbona mionzi iongezeke juu, na madini yenye mionzi yako chini?

Swali hilihili liliwasumbua wanafizikia mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1910 padri Theodor Wulf alipanda na kipimo chake kwenye mnara wa Eiffel, mita 300 hivi, akitarajia mionzi ipungue kabisa. Ilipungua kidogo tu. Victor Hess akachukua vipimo hadi kwenye puto. Aprili 1912 aliruka wakati wa kupatwa kwa Jua na hakuona mabadiliko, kwa hiyo Jua halikuwa chanzo kikuu. Tarehe 7 Agosti mwaka huohuo alifika mita 5,350 na kukuta mionzi imezidi sana ile ya ardhini. Miaka 2 baadaye Werner Kolhörster alifika mita 9,300 na kuthibitisha. Hess alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Zingatia kimo cha Hess: mita 5,350. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Mtu anayefika kilele hicho na kipima mionzi mfukoni amempita Hess kwa zaidi ya mita 500.

Je, inaendelea kuongezeka bila kikomo?

Hapana. Kuna kimo ambapo mvua ya chembe inakuwa nzito kuliko kote. Ukiupita, hewa iliyobaki juu yako ni chache mno kuzalisha chembe mpya na hesabu huanza kushuka. Kimo hicho huitwa kilele cha Regener na Pfotzer, kwa majina ya Wajerumani wawili walioupima kwa maputo miaka ya 1930. Kwenye latitudo za kati kipo karibu na kilomita 20. Kwetu hushuka chini kidogo, kwa sababu inayoelezwa katika jibu la Ikweta hapa chini. Puto likipasuka kilomita 28 au 30 utakuwa umepita kilele hicho, na mchoro wako utaonyesha mlima wenye pande zote mbili.

Mrija wa Geiger unapima gama?

Mrija huo, ambao ni bomba la gesi linalotoa mpigo wa umeme chembe inapopita, unapima, lakini kidogo sana. Naomba usome jibu hili mara mbili kabla ya kununua chochote.

Mrija wa kawaida, mathalani SBM-20 wa Kirusi, hushika karibu kila chembe yenye chaji inayopenya ukuta wake. Kwa gama, hushika takriban moja kati ya mia, pengine pungufu. Nyingine hupita bila kuacha alama. Huku ardhini hilo halisumbui sana, kwa kuwa gama ni nyingi na mrija umesawazishwa kwa hizo. Kule juu, elektroni, myuoni na protoni ndizo zinazojaza hesabu. Ukiandika kichwa cha mchoro wako "mionzi ya gama kwa mwinuko" huku umetumia mrija mtupu, umeandika kitu ambacho kifaa hakikukuambia.

Kosa hili lina historia ya heshima. Robert Millikan, aliyelipa jambo hili jina la miale ya kosmiki miaka ya 1920, aliamini kwa miaka mingi kwamba miale yenyewe ni gama zenye nguvu kubwa. Kilichomaliza ubishi ni sumaku ya Dunia: gama haipindwi na sumaku, chembe yenye chaji hupindwa. Mwaka 1927 Jacob Clay alisafiri kwa meli kati ya Java na Uholanzi na kuona hesabu ikipungua karibu na Ikweta. Upimaji wa Arthur Compton mwaka 1932, uliofanyika sehemu nyingi za dunia, ulithibitisha jambo hilo.

Kwa hiyo chagua mapema. Kama lengo ni kuona jumla ya mionzi ikipanda na kushuka, mrija unatosha. Kama lengo ni gama zenyewe, unahitaji sintileta, yaani kitu kinachotoa mmweko wa mwanga mionzi inapokipiga. Tazama jibu kuhusu kihisi cha kununua.

Kuwa karibu na Ikweta kunabadilisha nini?

Mengi. Sumaku ya Dunia huwa kama ngao, na ngao hiyo ni nene zaidi kwetu. Juu ya Afrika Mashariki, protoni inayokuja wima huzuiwa isipokuwa ina ugumu wa kupindwa wa gigavolti 14 au 15 hivi, wakati karibu na ncha za Dunia hata protoni dhaifu huingia. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, hesabu yako kule juu itakuwa ndogo sana kuliko ile ya mtu aliyerusha puto Uingereza au Kanada kwa kifaa kilekile. Usidhani kifaa kimeharibika. Pili, chembe chache zinazopenya ni zile zenye nguvu kubwa, nazo huzaa mvua inayofika chini zaidi. Ndiyo maana kilele hushuka.

Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kufanya mradi huu hapa: jaribio la Clay unaweza kulirudia kwa kulinganisha mchoro wako na wa kundi lililorusha mrija wa aina ileile Ulaya.

Ni hatari kwa afya?

Kifaa hakitoi mionzi yoyote, kinahesabu tu. Puto halibebi mtu. Hatari za kweli ni za kawaida: mtungi wa gesi yenye mgandamizo mkubwa, volti 400 za mrija, na boksi linaloshuka kutoka juu.

## Kupima bila puto

Lazima nirushe puto?

La, na kwa mara ya kwanza nashauri usirushe. Mlima hukupa muda, na muda ndio unaokosekana kwenye puto. Njia ya Marangu kwenye Kilimanjaro imejipanga yenyewe kwa kazi hii: lango liko mita 1,879, Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, kibanda cha Kibo karibu mita 4,700, kisha kilele. Vituo vimeachana takriban mita 1,000. Ukiacha kifaa kikihesabu usiku mzima kila kituo, makosa ya bahati nasibu yanakuwa madogo sana. Kwa makadirio, sehemu ya kosmiki hukaribia kuongezeka maradufu kila mita 1,500 hadi 2,000 katika miinuko hiyo. Wasio na bajeti ya Kilimanjaro wanaweza kutumia barabara: Tanga hadi Lushoto, au Mombasa hadi Limuru.

Mawe ya mlima hayatavuruga vipimo?

Yatavuruga, na hili ndilo tatizo kubwa la njia ya mlimani. Miamba hutofautiana. Kilima cha Mrima huko Kwale kina thoriamu nyingi kwenye udongo wake. Fosfeti ya Minjingu ina urani. Ukipima sehemu kama hizo, hesabu itapanda bila wewe kupanda hata mita moja. Hata miamba ya volkano hubadilika kutoka mtiririko mmoja wa zaha hadi mwingine.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni kupima kila kituo mara mbili, kifaa kikiwa juu ya mwamba na kikiwa juu ya maji, kwa mfano kwenye mtumbwi au daraja la mbao, kwa sababu maji huzuia gama za chini. Ya pili ni mirija miwili iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, ukihesabu tu mipigo inayotokea kwenye yote miwili kwa wakati mmoja. Gama ya mwamba ni nadra kuipiga yote miwili; myuoni inayotoka juu huipita yote.

Naweza kupima ndani ya ndege ya abiria?

Ndiyo, na ni njia rahisi kuliko zote. Beba kifaa kilichofungwa vizuri ndani ya kasha. Waya na bodi zilizo wazi huwatia wasiwasi wakaguzi, na wana haki. Zima redio zote za kifaa, mweleze mhudumu unachofanya, na akisema hapana, basi. Katika kimo cha kilomita 10 hadi 12 karibu na Ikweta, kipimo cha kweli huwa kama mikrosiveti (kizio cha athari ya mionzi mwilini) 2 hadi 3 kwa saa. Njia za kaskazini ya mbali hufikia 5 au zaidi. Safari ya Dar es Salaam hadi Ulaya hukutoa karibu na Ikweta hadi latitudo za kati kwa siku moja.

## Kifaa

Ninunue kihisi gani?

Kwa jumla ya mionzi: SBM-20 (chuma, urefu wa milimita 108, hufanya kazi kwenye volti 400 hivi) au J305 wa kioo kutoka China. Cha chuma huvumilia zaidi mshtuko wa kutua.

Kwa gama: kipande cha sintileta, kwa kawaida CsI yenye taliamu, kilichounganishwa na kihisi cha mwanga cha silikoni. Hiki hukupa nguvu ya kila gama, kwa hiyo unaweza kuchora spektra, yaani mchoro wa idadi ya gama kwa kila nguvu. Kizungushie plastiki ya sintileta yenye kihisi chake: chembe yenye chaji itawasha zote mbili, nayo utaitupa, gama kwa kawaida itawasha CsI peke yake. Ni kazi ngumu mara kumi kuliko mrija. Zawadi yake ni mstari wa 511 keV (keV ni kizio cha nguvu ya chembe au mwale). Mstari huo hutokea positroni inapokutana na elektroni na zote mbili kugeuka kuwa gama. Positroni yenyewe iligunduliwa na Carl Anderson mwaka 1932, ndani ya miale hiihii ya kosmiki. Mtu anayeiona alama yake kwa kifaa alichokilehemu mwenyewe amefanya fizikia ya kweli.

Kifaa kilifanya kazi vizuri mezani, kikaanza kuhesabu maelfu ya mipigo kilipofika juu. Kwa nini?

Karibu kila mara jibu ni umeme unaovuja hewani. Jambo hili limeharibu data za safari nyingi, na mwenye data huenda akafurahi akidhani amevunja rekodi.

Hewa ya kawaida huzuia umeme vizuri. Usawa wa bahari, volti 400 haziwezi kuruka pengo la milimita 0.6, zingehitajika zaidi ya 2,000. Hewa ikipungua, elektroni hupata nafasi ya kukimbia na kushika kasi kabla ya kugonga molekuli, na umeme huruka kirahisi zaidi. Kiwango cha chini kabisa cha hewa ni volti 327, na hufikiwa pale mgandamizo ukizidishwa kwa pengo unapotoa takriban 0.57, mgandamizo ukiwa katika tori (kizio cha mgandamizo) na pengo katika sentimita. Katika kilomita 30, mgandamizo ni kama hektopaskali 12, yaani tori 9. Gawanya: pengo ni milimita 0.6. Hilo ndilo pengo la kawaida kati ya njia mbili za shaba kwenye bodi ndogo, na mrija wako unatumia volti 400. Umeingia mwenyewe kwenye bonde la hatari.

Dawa ni kuondoa hewa mahali penye volti kubwa. Safisha bodi kwa spiriti hadi mabaki ya lehemu yaishe, ikaushe kwa jua siku nzima, kisha ipake vanishi ya elektroniki tabaka mbili au tatu. Ncha za mrija na viungio vyake zifunike kwa silikoni isiyonuka siki, kwa sababu ile yenye harufu ya siki hula shaba. Lehemu ziwe za mviringo, bila miiba. Hakikisha hakuna viputo vya hewa ndani ya silikoni, maana kiputo ni pengo jipya.

Kisha jaribu kabla ya kurusha. Pampu ya mafundi wa friji inatosha kabisa kushusha mgandamizo hadi ule wa kilomita 30. Tumia sufuria nene ya chuma yenye mfuniko wa akriliki wa milimita 20, kamwe usitumie chupa ya kioo cha kawaida. Inaweza kupasukia ndani. Washa kifaa, vuta hewa polepole, na utazame mipigo. Ikibaki ileile ya mezani katika kila hatua ya mgandamizo, uko salama. Usiruke hatua za kati: mvujo unaweza kutokea katikati na kuisha hewa inapopungua zaidi.

Na baridi?

Wengi hupanga kwa nyuzi -55, ile ya vitabu. Juu ya tropiki, mpaka wa troposfia (tabaka la chini la angahewa) uko kilomita 16 hadi 18 na ni baridi zaidi kuliko wa Ulaya: karibu nyuzi -80. Nje ya boksi, bila shaka. Ndani ya boksi la stairofomu lenye kuta za sentimita 3, kama yale ya kubebea samaki, joto la bodi lenyewe husaidia sana. Tumia betri za lithiamu za kutumika mara moja (zisizochajiwa upya), zinazostahimili hadi nyuzi -40. Alkalini za dukani huzimika.

Nitajuaje mwinuko?

Kwa vipimo viwili, na vyote vina mtego. Vipokezi vingi vya GPS hukataa kutoa majibu juu ya mita 18,000, kwa sababu ya masharti ya kuzuia matumizi ya makombora. Vya u-blox huendelea ukiviweka katika hali ya kuruka angani. Amri hiyo itumwe kila kifaa kinapowashwa, kwa kuwa hupotea umeme ukikatika. Kihisi cha mgandamizo cha BMP280, ambacho kila mtu anacho kwenye droo, kimehakikishwa hadi hektopaskali 300 tu, yaani karibu kilomita 9. MS5611 hufika hektopaskali 10.

Nitajaribuje kifaa bila chanzo cha mionzi?

Nenda duka la pembejeo ununue mbolea ya kloridi ya potasiamu, ile inayouzwa kama MOP. Kila gramu ya potasiamu ya asili hutoa mipasuko 31 kwa sekunde, kwa hiyo kilo moja ya kloridi safi ina kama bekereli 16,000 (bekereli moja ni mpasuko mmoja kwa sekunde), bila kibali na bila hatari. Zungushia mrija kwa mifuko ya mbolea na mipigo itapanda waziwazi. Kwa sintileta, tafuta mstari wa 1,460 keV.

Vile visoksi vyeupe vya taa za karabai vya zamani vilikuwa na thoriamu na hutoa mipigo mingi zaidi, lakini vikichakaa hugeuka vumbi. Viweke ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa na usivifungue. Usinunue wala kupokea chanzo kingine chochote bila kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, au cha KNRA, mamlaka ya kudhibiti nyuklia, kwa Kenya.

Nirekodi kwa vipindi vya muda gani?

Andika muda wa kila mpigo ukiweza, kisha ukusanye baadaye upendavyo. Ukishindwa, andika jumla ya kila sekunde 10.

Kosa la bahati nasibu ni kipeuo cha pili cha hesabu. Mipigo 20 ina kosa la 4.5, yaani asilimia 22. Mipigo 600 ina kosa la 24.5, asilimia 4. Puto likipanda mita 5 kwa sekunde, dakika moja ni mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo sehemu ya chini ya mchoro itakuwa na kelele hata ufanye nini, isipokuwa ubebe mirija mitatu au minne.

## Puto, gesi na upepo

Heliamu au haidrojeni?

Haidrojeni ni nafuu, hunyanyua zaidi kidogo, na hutumika na vituo vingi vya hali ya hewa. Lakini inalipuka, na kundi la shule halipaswi kuigusa bila mtu aliyefunzwa. Heliamu ni ghali kwetu. Inashangaza ukikumbuka kwamba chini ya Bonde la Rukwa kuna heliamu nyingi iliyotangazwa na watafiti mwaka 2016. Gesi hiyo ni tunda la mionzi: kila chembe ya alfa iliyotoka kwenye urani na thoriamu ya miamba ya kale iliokota elektroni mbili na kuwa atomi ya heliamu. Puto lako linanyanyuliwa na kitu kilekile unachokwenda kukipima, au tuseme na ndugu yake.

Nijaze kiasi gani?

Usihesabu kwa mita za ujazo. Pima kwa dumu la maji. Chukua uzito wa mzigo wote pamoja na parashuti na kamba, ongeza unyanyuo wa ziada wa kilo 1 hivi, kisha jaza maji kwenye dumu hadi lifikie uzito huo. Lifunge kwenye shingo ya puto wakati wa kujaza. Dumu likianza kuelea, simamisha gesi. Kwa puto la gramu 1,200 na mzigo wa kilo 1, utatumia zaidi ya mita 3 za ujazo na kupata kasi ya takriban mita 5 kwa sekunde. Kilomita 30 zitachukua kama dakika 100.

Nirushie wapi na lini?

Mbali na bahari, mbali na mpaka, mbali na njia za ndege. Dodoma, Singida na Tabora zina nafasi pande zote. Rusha alfajiri, kabla mawingu ya mvua hayajajenga. Tumia programu ya kubashiri njia ya puto kila siku kwa wiki nzima kabla, uone inavyobadilika.

Usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Upepo wa stratosfia (tabaka lililo juu ya troposfia) juu ya Ikweta hugeuka: hutoka mashariki kwa mwaka na zaidi, kisha magharibi, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Majivu ya volkano ya Krakatoa mwaka 1883 yaliizunguka Dunia yakienda magharibi. Mwaka 1908 mtaalamu wa hali ya hewa Arthur Berson akarusha maputo eneo la Ziwa Viktoria akakuta juu kule upepo unatoka magharibi. Wataalamu walibaki na ukinzani huo hadi karibu mwaka 1960, mzunguko ulipotambuliwa. Sehemu ya fumbo hilo ilipatikana hapahapa.

Vibali gani?

Cha kwanza ni cha mamlaka ya anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Omba mapema, uwape tarehe, mahali, uzito na njia iliyobashiriwa. Kanuni za kimataifa huhesabu puto kuwa jepesi kama mzigo wote haufiki kilo 4, lakini linahamia kundi zito kama furushi moja lina kilo 3 au zaidi, au kamba haikatiki kabla ya nguvu ya nyutoni 230. Neno la mwisho ni la mamlaka ya nchi. Kwa redio, tazama jibu linalofuata. Mjulishe pia mkuu wa wilaya na polisi wa maeneo ambayo boksi linaweza kutua.

## Kufuatilia na kurudisha

Nitalifuatiliaje?

Kwa njia mbili zisizotegemeana. LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, kwenye 433 MHz hufika mamia ya kilomita puto likiwa juu, kwa kuwa hakuna kizuizi kati yenu. Njia ya pili iwe ya laini ya simu: haitafanya kazi angani, ila itatuma mahali ilipo ikishatua, kama kuna mnara karibu. APRS, mfumo wa redio wa kutuma mahali kifaa kilipo, inahitaji leseni ya redio ya ridhaa na alama ya wito, inayoanza na 5H Tanzania na 5Z Kenya. Ulizia masafa yote TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Boksi likitua kijijini?

Fikiria mtu anayepalilia anaona boksi lenye waya likishuka kutoka mbinguni. Ana haki ya kuogopa. Andika pande zote sita, kwa Kiswahili na herufi kubwa: "KIFAA CHA SHULE CHA KUPIMA HEWA. HAKINA MADHARA. TAFADHALI PIGA SIMU." Weka namba na ahadi ya zawadi, na uitimize. Usiandike neno "mionzi" nje. Anayepiga simu, mwamkie na umweleze kwa utulivu kilichomo. Akitaka kuona picha zilizopigwa juu, mtumie. Kwanza pita kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha shambani.

Likitua hifadhini au ziwani?

Hifadhini usiingie mwenyewe. Wasiliana na askari wa hifadhi, uwape mahali halisi. Kwa ziwa, boksi la stairofomu huelea, lakini kadi ya kumbukumbu iwe ndani ya mfuko uliozibwa.

## Kusoma data

Hesabu ilipungua mwanzoni kabla ya kupanda. Ni hitilafu?

Hapana, hiyo ndiyo alama ya kwamba kifaa ni kizima. Gama za ardhini hupungua nusu kila mita 100 hivi za hewa, kwa hiyo katika mita mia chache za kwanza unapoteza mchango wa ardhi kabla wa kosmiki haujakua. Hess alikiona kibonde hicho. Kwa bahati mbaya puto hulipita eneo hilo ndani ya dakika 2 au 3, na kelele huweza kulificha. Ukitaka kukiona vizuri, funga puto kwa kamba na ulisimamishe kila mita 50, kwa kibali kilekile.

Nibadilishe mipigo kuwa mikrosiveti?

Ardhini, ndiyo, kwa uangalifu. Angani, hapana. Kizidishio kilichokuja na mrija kimetengenezwa kwa gama za chanzo fulani, na mchanganyiko wa chembe za kilomita 17 haufanani kabisa na chanzo hicho. Nyutroni, ambazo huchangia sehemu kubwa ya kipimo cha kibaiolojia kule juu, mrija karibu hauzioni.

Nisahihishe muda uliokufa wa mrija?

SBM-20 hulala kama mikrosekunde 190 baada ya kila mpigo. Kwa mipigo 1,000 kwa dakika, unapoteza asilimia 0.3. Kosa la bahati nasibu ni kubwa kuliko hilo, kwa hiyo usijisumbue.

Mchoro wa kupanda na wa kushuka havifanani. Niamini upi?

Wa kupanda. Baada ya puto kupasuka boksi huporomoka kwa kasi kubwa kwenye hewa nyembamba, na dakika moja hubeba kilomita nyingi. Lakini usiutupe wa kushuka. Kama hesabu za kilomita 30 zilikuwa za juu ajabu na zikatoweka ghafla katika kimo kilekile wakati wa kushuka, rudi kwenye jibu la volti 400: huo ni mvujo, na data ya juu ya kimo hicho haifai.

Nina mchoro mzuri wa mrija. Naweza kuandika kwamba nimepima gama?

Andika ulichohesabu. Kwenye mhimili weka "mipigo kwa dakika, SBM-20, ukuta wa chuma". Chini yake taja tarehe, latitudo, mwinuko wa mahali pa kurushia na idadi ya mirija. Kama ulibeba mirija miwili, chora mistari miwili: wa kila mrija peke yake na wa pamoja. Nafasi kati ya mistari hiyo ina gama ndani yake, lakini ina pia chembe zilizopita kwa pembeni, na bila sintileta huwezi kuzitenganisha. Mwenye sintileta achore spektra ya kila kilomita 5 aone 511 keV inavyojitokeza huku 1,460 keV ya ardhini ikizama.